Kihariri ni cha Kusomea

Chukua programu ndogo ya kupokea malipo, ya aina inayoandikwa kila siku na vijana wa Kitengela, wa Kajiado mjini na hata wa Kimana, kule karibu na Kilimanjaro ambako nyanya na vitunguu vya mashamba ya umwagiliaji hupakiwa kwenye malori ya kwenda mijini. Dalali anataka kujua nani amelipia kreti ngapi. Mnunuzi anaandika namba yake ya simu, programu inatuma ombi kupitia Daraja, ile huduma ambayo Safaricom iliwafungulia watengeneza programu mwaka 2017 ili waunganishe kazi zao na M-Pesa, mnunuzi anaombwa namba ya siri kwenye simu yake, analipa, na jibu linarudi. Daraja inataka namba ianze na 254, ilhali Mkenya huandika 07. Kwa hiyo mahali fulani ndani ya programu kuna mstari unaosema: namba ikianza na 07, ondoa sifuri, tanguliza 254. Kisha wakaja wateja wenye namba za 01, ambazo zilianza kutolewa Kenya mwaka 2019, na malipo yao yakawa yanakwama bila maelezo yoyote ya maana.

Dawa yenyewe haifiki mstari mzima, na mtu anayechapa kwa vidole viwili ataimaliza kwa nusu dakika. Shida ni kufika kwenye mstari huo. Namba ya simu haisafishwi mahali pamoja tu. Inasafishwa kwenye fomu ya kujiandikisha, inasafishwa tena kwenye faili linalotuma ombi la malipo, inalinganishwa na namba zilizo kwenye hifadhidata wakati wa kutoa ripoti ya jioni, na inapangwa upya pale ujumbe wa kuthibitisha unapotumwa. Aliyeandika fomu aliangalia kama namba inaanza na 07. Aliyeandika malipo alinakili kazi ya fomu akabadilisha majina. Mwenye ripoti alitafuta 2547. Wa mwisho alihesabu tarakimu kumi akaridhika, kisha akakata nane za mwisho na kuzitanguliza 2547, na hapo namba ya 01 hugeuka kuwa namba ya mtu mwingine kabisa. Anayetafuta 07 peke yake atakuta sehemu mbili za kwanza, atazirekebisha, atamwambia dalali kazi imekwisha, na kesho yake ujumbe wa malipo utamfikia mtu ambaye hajawahi kununua nyanya Kimana.

Watu wengi huchagua kihariri cha msimbo, na hujifunza kukitumia, kwa kuangalia upande wa kuandika: kinakamilisha maneno upesi kiasi gani, kina rangi gani, kinamwezesha mtu kuchapa mistari mingapi bila kuinua mkono. Ninashikilia kwamba faida kubwa iko upande wa kusoma. Kihariri kinamfaa mtengeneza programu kwa kadiri kinavyomfikisha haraka kwenye mstari unaohusika, kinavyomwonyesha nani mwingine anautegemea, na kinavyomrudisha alikotoka bila kumpotezea alichokuwa akifikiria. Uchapaji ni sehemu ndogo ya kazi, na anayetaka kuongeza tija kwa kuchapa haraka anapunguza kitu ambacho tangu mwanzo kilikuwa kidogo.

Hilo limepimwa. Mwaka 2018 Xin Xia na watafiti wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wataalamu 78 katika miradi saba, kwa jumla ya saa 3,148 za kazi halisi. Asilimia 58 hivi ya muda ilikwenda kwenye kuelewa msimbo. Karibu robo ilikwenda kwenye kuhama kutoka faili hadi faili na dirisha hadi dirisha. Kuhariri kwenyewe, yaani kubadilisha maandishi ya programu, kulichukua takriban asilimia 5. Hesabu ni nyepesi: atakayefanikiwa kuchapa kwa kasi maradufu ataokoa nusu ya hiyo asilimia 5, na atakayepunguza robo moja tu ya muda wa kuelewa na kuhama ataokoa zaidi ya saa moja na nusu katika siku ya saa nane.

Mtu anaweza kusema kwamba wale 78 walikuwa wafanyakazi wa kampuni kubwa zenye programu kongwe, na kwamba kijana anayeandika tovuti ya hoteli ya Amboseli kuanzia sifuri hana cha kusoma. Pingamizi hilo lina ukweli kwa wiki mbili za mwanzo wa mradi. Baada ya hapo msimbo wake mwenyewe huanza kumkalia kama wa mtu baki, hasa akiuacha kwa miezi michache ili ashughulikie kazi nyingine. Tena kazi za mkataba, ambazo ndizo riziki ya wengi wanaoishi nje ya Nairobi, mara nyingi ni za kurithi: mteja aligombana na fundi wa kwanza, wa pili akapata ajira, na folda ikaja kwa wa tatu bila maelezo. Huyo wa tatu anahitaji uwezo wa kusoma kuliko mfanyakazi wa kampuni kubwa, kwa sababu hana mtu wa kumuuliza.

Kuna kipimo cha zamani zaidi ambacho kinafaa kutazamwa kwa karibu. Mwaka 1980 Stuart Card, Thomas Moran na Allen Newell walitoa hesabu ya kukadiria muda ambao mtu mzoefu hutumia kukamilisha jambo kwenye kompyuta, wakiligawa katika vitendo vidogo. Kubonyeza kitufe kimoja, kwa mchapaji mzoefu wa wastani, ni sekunde 0.2. Kupeleka mkono kutoka kwenye kibodi hadi kwenye mausi ni 0.4. Kulenga kitu kwenye skrini ni 1.1. Na kujiandaa akilini, kule kusita kidogo kwa kuamua nifanye nini sasa, ni 1.35. Tukitumia takwimu hizo, kwenda kwenye mstari mwingine kwa mausi ni kujiandaa, kuhamisha mkono, kulenga, kubofya na kurudisha mkono: sekunde 3.45. Kwa njia ya mkato ya vitufe viwili ni kujiandaa na kubonyeza mara mbili: sekunde 1.75. Tofauti ni sekunde 1.7. Anayehama mara 300 kwa siku ataokoa dakika nane na nusu.

Dakika nane na nusu si kitu cha kujivunia, na wale wanaohubiri kibodi kana kwamba mausi ni dhambi wangefanya vyema kuitazama hesabu hiyo kabla ya kuendelea na mahubiri. Lakini tazama tena ni wapi sekunde zinakoishia. Gharama kubwa kuliko zote katika orodha ile ni ya kujiandaa akilini, na hata hiyo inaweza kufutika kabisa. Card na wenzake waliweka kanuni kwamba pale kitendo kinapokuwa kimetarajiwa kikamilifu, kikafuata kile cha kabla yake kama silabi ya neno lilelile, muda wa kujiandaa haupo tena. Hapo sekunde 1.75 zinashuka hadi 0.4. Muhimu zaidi, pale ambapo akili haijiulizi amri iko wapi, inabaki na swali lililoileta: namba hii inatoka wapi, na nani mwingine anaiamini? Anayekagua menyu ili akumbuke jinsi ya kutafuta huwa ameliweka swali hilo chini kwa muda, na si kila mara analiokota lilipoangukia.

Kutokana na hilo ninatoa ushauri unaopingana na vitabu vingi vya vihariri. Usijifunze njia za mkato hamsini. Jifunze zisizozidi kumi, zote za kusoma, na uzirudie mpaka usizifikirie. Kwa mtumiaji wa Visual Studio Code, Ctrl+P hufungua faili kwa kuandika sehemu ya jina lake, na hiyo peke yake humwondolea mtu nusu ya safari za kupekua folda upande wa kushoto. Ctrl+Shift+F hutafuta maneno katika mradi mzima. F12 humpeleka msomaji pale ambapo kitu kilitengenezwa, na Shift+F12 humwonyesha wote wanaokitumia. F2 hubadilisha jina. Kwenye Windows, Alt na mshale wa kushoto humrudisha alikokuwa, na hii ya mwisho ndiyo inayosahauliwa na karibu kila mtu, ingawa bila hiyo zile nyingine huwa za kupoteza njia. Msomaji wa msimbo huzama: kutoka fomu hadi kwenye kitendo cha kusafisha namba, kutoka hapo hadi kwenye hifadhidata, kutoka hifadhidata hadi ripoti. Akiwa ngazi ya nne anahitaji kupanda kwa utaratibu uleule alioshukia. Asiye na amri ya kurudi hufungua faili kumi na tano na kuanza kukisia ni lipi lilikuwa la mwanzo.

Tuirudie hitilafu ya 01 kwa zana hizo. Mwenye busara hatafuti 07 tu. Anatafuta 07, kisha 2547, kisha kila mahali ambapo urefu wa kitu unalinganishwa na kumi. Matokeo yatakuja na takataka, kwa sababu 07 ni mwezi wa Julai pia, na hapo jicho ndilo la kuchambua. Akishazipata sehemu nne, hazirekebishi nne. Anatengeneza kitendo kimoja, tuseme safishaNamba, kinachoshughulikia 07, 01, 254 na alama ya kujumlisha mbele, halafu anafanya kila moja ya sehemu nne ikitumie. Baada ya hapo Shift+F12 juu ya safishaNamba inapaswa kuonyesha watumiaji wanne. Wakionekana watatu, kuna mmoja aliyeachwa. Uthibitisho huo unachukua sekunde moja, na ni wa kuaminika kuliko kumbukumbu ya mtu saa kumi na moja jioni.

Kubadilisha jina nako kunafichua tofauti kati ya kuandika na kusoma. Tuseme dalali ameanza kuuza vitunguu kwa gunia, na jina bei lililokuwa linatosha sasa lazima liwe beiYaKreti. Anayechukulia msimbo kuwa maandishi tu ataamuru kila bei igeuzwe beiYaKreti. Kitu kilichoitwa beiYaJana kitageuka beiYaKretiYaJana, ujumbe wa mteja unaosema bei imepanda utasema beiYaKreti imepanda, na jina la safu ndani ya hifadhidata litakuwa halipatikani tena. Anayetumia F2 anakiambia kihariri kibadilishe kitu kile kile alichokigusa, popote kinapotajwa, na kiwaache majirani wanaofanana nacho kwa herufi. Kihariri kinaweza kufanya hivyo kwa sababu kimeusoma msimbo kama msimbo: kinajua kipi ni jina, kipi ni maneno ya kuonyeshwa mteja. Katika lugha zisizotangaza aina za vitu, kama JavaScript, usomaji huo una mapengo, na mtu lazima apitie mabadiliko kabla ya kuyakubali. Hata hivyo mapengo hayo ni machache kuliko ya kutafuta na kubadilisha kwa upofu.

Wazo kwamba chombo kizuri ni kile kinachopunguza safari lina asili yake, na asili hiyo inatuhusu. Mwaka 1976 Bill Joy, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, alianza kuandika programu ambayo baadaye ingeitwa vi. Aliitumia akiwa nyumbani kupitia modemu ya kasi ya biti 300 kwa sekunde, yaani takriban herufi 30 kwa sekunde. Skrini ya wakati huo ilikuwa na mistari 24 yenye herufi 80, jumla 1,920. Kuichora upya yote kulichukua zaidi ya dakika moja. Katika hali hiyo huwezi kumpa mtu menyu. Unampa amri za herufi moja, zinazoungana kama maneno: d ni kufuta, w ni neno, dw ni kufuta neno; } ni mwisho wa aya, d} ni kufuta hadi mwisho wa aya. Hata vitufe vya h, j, k na l vinavyosogeza alama ya mahali vilitokana na terminali aliyokuwa nayo, ADM-3A, ambayo mishale yake ilichorwa juu ya herufi hizo. Uhaba wa mtandao ndio uliozaa lugha fupi ya kusafiri ndani ya maandishi, na lugha hiyo imedumu hata pale uhaba ulipoisha kwa waliokuwa nao.

Mrithi wa vi ana anwani ya Afrika Mashariki. Mholanzi Bram Moolenaar alitoa Vim kwa umma mwaka 1991, na mwaka 1994 alikwenda Uganda kufanya kazi ya maji na usafi katika kituo cha watoto cha Kibaale, wilaya ya Rakai, eneo lililokuwa limeumizwa vibaya na UKIMWI. Vim ni ya bure, ila tangu hapo humwomba anayeipenda awachangie watoto wa Uganda. Ombi hilo huonekana kwenye skrini ya kwanza mtu anapofungua programu bila faili. Moolenaar alifariki tarehe 3 Agosti 2023, na ombi halikuondolewa. Wahandisi wa Ulaya na Marekani wasioweza kuionyesha Rakai kwenye ramani huiona Uganda kabla ya kuanza kazi, jambo ambalo sijui kama kuna wizara yoyote ya utalii iliyowahi kulifanikisha.

Pingamizi kali zaidi dhidi ya ukoo huu wa vi lilitolewa na mtu aliyestahili kusikilizwa. Larry Tesler, mmoja wa waliobuni kukata, kunakili na kubandika katika maabara ya Xerox huko Palo Alto miaka ya 1970, alichukia programu zenye hali mbalimbali, ambamo kitufe kilekile huandika herufi sasa na kufuta mstari baadaye. Aliwatazama watu wakikosea kwa sababu hawakujua wako katika hali gani, na akachukia kiasi cha kuandika chuki hiyo kwenye bamba la namba za gari lake. Ninadhani Tesler alikuwa sahihi kuhusu katibu wa ofisi aliyekuwa akimfikiria, ambaye kazi yake ni kuandika barua. Kwake kila kitufe kiandike. Lakini kama takwimu za Xia ni za kweli, mtengeneza programu anaandika sehemu ndogo sana ya siku, na Vim inaanzia katika hali ya kusafiri na kusoma. Kuandika ni hali unayoiomba kisha ukatoka. Mpangilio huo umefuata kazi ilivyo. Hata hivyo wiki za kwanza za Vim ni ngumu kweli, na simlaumu anayezikataa, maana faida za kusoma sasa zinapatikana kwa njia nyingine.

Zinapatikana kwa sababu ya jambo ambalo halikupigiwa kelele. Zamani kila kihariri kililazimika kuielewa kila lugha kivyake, na kilichoijua Java vizuri kiligharimu fedha au kumbukumbu nyingi. Mwaka 2016 Microsoft, pamoja na Red Hat na Codenvy, walitangaza utaratibu wa pamoja: programu moja ndogo inayoielewa lugha husika, yaani huduma ya lugha, hukaa pembeni, na kihariri chochote huiuliza maswali yaleyale. Hiki kilitengenezwa wapi? Nani anakitumia? Kinaweza kubadilishwa jina? Leo Vim, Neovim, Emacs, Sublime Text na Visual Studio Code vinaweza kuuliza programu ileile na kupata jibu lilelile. Katika utafiti wa mwaka 2024 wa Stack Overflow karibu robo tatu ya waliojibu walisema wanatumia Visual Studio Code, na sioni sababu ya kuwahamisha. Ubishi wa kihariri gani ni bora umebaki burudani. Swali lililobaki ni kama mtu anaitumia sehemu ile ya kusoma au ameinunua laptopu nzima ili achape.

Laptopu yenyewe ina neno lake hapa. Visual Studio Code imejengwa juu ya Electron, maana yake inabeba ndani yake injini nzima ya kivinjari cha wavuti, na kwenye kompyuta ya mtumba yenye kumbukumbu ya GB 4 huanza kuhema mara tu kivinjari cha kawaida kinapofunguliwa kando yake. Anayelazimika kuchagua aondoe nyongeza za mapambo kwanza na aiache ile inayoielewa lugha yake. Kuna wanaofanya kinyume: wana mandhari sita za rangi, ikoni za kila aina ya faili, paka anayetembea chini ya skrini, kisha wanazima huduma ya lugha kwa sababu kompyuta ni nzito. Muda unaokwenda kwenye kupamba nao ni mwingi, na ni wa hatari kwa vile unafanana sana na kazi.

Stima na intaneti haziko juu ya mtengeneza programu, lakini jinsi kihariri kinavyozichukulia iko juu yake. Tarehe 25 Agosti 2023 na tena 10 Desemba mwaka huohuo Kenya iliingia gizani karibu nchi nzima. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na intaneti ya Afrika Mashariki ikasuasua kwa siku kadhaa. Hizo ni siku zilizofika kwenye habari. Za kukatika saa mbili Kitengela hakuna anayeziandika. Vim, isipobadilishwa, huandika akiba ya kazi isiyohifadhiwa kila baada ya herufi 200, au sekunde 4 bila kuguswa. Visual Studio Code nayo hutunza nakala za mafaili yasiyohifadhiwa na kuyarudisha inapofunguliwa. Git, ambayo Linus Torvalds aliianza mwaka 2005, huweka historia yote ya mradi ndani ya kompyuta, kwa hiyo mtu anaweza kulinganisha toleo la leo na la mwezi uliopita bila bando hata kidogo. Na ile programu ya kuielewa lugha huendesha kazi zake hapohapo mezani. Wanaoshauri kuhamishia kihariri chote kwenye seva za mbali wana hoja nzuri kwa mwenye waya wa uhakika. Kwa Kimana, kusoma msimbo kusitegemee mnara wa simu.

Limebaki pingamizi la siku hizi: kwamba akili unde itasoma na kuandika kwa niaba yetu, na mjadala wote huu ni wa kizazi kinachoondoka. Ushahidi uliopo una pande mbili na inafaa kuusoma kwa pamoja. Katika jaribio moja lililochapishwa mwaka 2023, watengeneza programu 95 waliombwa kuandika seva ndogo ya wavuti kwa JavaScript. Waliopewa GitHub Copilot, msaidizi wa akili unde, walimaliza kwa muda pungufu kwa asilimia 55.8. Mwaka 2025 taasisi ya METR ikawafuatilia watu 16 wenye uzoefu, wakifanya kazi 246 katika miradi mikubwa waliyoijua kwa miaka. Waliporuhusiwa akili unde walichukua muda zaidi kwa asilimia 19, na baada ya kumaliza bado waliamini iliwaharakisha kwa asilimia 20. Matokeo haya mawili hayagongani. La kwanza lilipima kuandika kitu kipya, kidogo, kisicho na historia. La pili lilipima kubadilisha kitu ambacho maana yake imetawanyika katika mafaili mengi na katika vichwa vya watu, na hapo msaidizi alitoa maandishi ambayo mwenyeji alilazimika kuyasoma, kuyapima na mara nyingi kuyakataa.

Kwa hiyo msaidizi huyo, badala ya kuondoa kusoma, anakuongeza. Anayezalisha mistari 200 kwa dakika humkabidhi mwenzake mistari 200 ya kukagua, na mkaguzi asiyejua kwenda kwenye chanzo, kuwaona watumiaji wote na kulinganisha matoleo mawili mstari kwa mstari ataikubali yote kwa uchovu. Vyombo hivyo vinabadilika haraka na huenda takwimu za METR zikapitwa. Sehemu isiyobadilika ni kwamba jina lililo chini ya mkataba na dalali ni la mtu, na akiulizwa kwa nini fedha zimepotea hawezi kumtanguliza msaidizi. Bei nayo ihesabiwe. Copilot ilipoanza kuuzwa mwaka 2022 ilikuwa dola 10 kwa mwezi, na toleo la bure lililokuja mwishoni mwa 2024 lina mipaka na linahitaji mtandao kila linapoulizwa. Huduma nyingi za lugha ni bure na hufanya kazi data ikiwa imezimwa. Mwenye fedha za kitu kimoja tu, na kompyuta yake bado ina GB 4, anunue kwanza kumbukumbu ya kuifikisha 8.